Kufunga tena butiloda baada ya kuweka romu ya nje: hatua kwa hatua, na mahali simu zinapofia

Simu zilizowekewa romu ya nje (mfumo wa Android usiotoka kiwandani) mara nyingi hazifi siku butiloda, programu inayowasha simu na kukagua mfumo wake, inapofunguliwa. Hufa siku inapofungwa. Mwenye simu ameweka romu kwenye Redmi au Infinix yake, imetembea vizuri miezi sita, halafu programu ya benki inamwambia simu haiaminiki. Anauliza mtaani, anajibiwa: "Funga butiloda tu, itakubali." Amri yenyewe ni mstari mmoja na haichukui hata dakika. Kinachofuata ni kioo cheusi chenye maandishi mekundu. Kwa mtu aliyevuka kutoka Ukerewe kuja mjini Mwanza kwa kazi hiyo moja, hapo kuna nauli ya pili, na pengine simu ya pili.

Kufuli linakagua nini

Butiloda ni kati ya programu za kwanza kuamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kabla haijaikabidhi simu kwa Android, inakagua saini za patisheni (mafungu ya hifadhi ya simu) zinazofuata: vbmeta inayobeba saini za nyingine, boot, na kupitia hizo system na vendor. Utaratibu huo unaitwa Android Verified Boot, na muundo wake wa sasa ulikuja na Android 8 mwaka 2017. Kiwanda kimeacha ufunguo wake ndani ya simu, na kila kipande cha mfumo kinapimwa kwa ufunguo huo.

Butiloda ikiwa wazi, ukaguzi ukishindwa simu inawaka hivyo hivyo na kukupa onyo tu. Ikiwa imefungwa, ukaguzi ukishindwa simu haiwaki. Mtego uko hapo: simu kuwaka vizuri ikiwa wazi si ushahidi kwamba itawaka ikifungwa. Mlango ulio wazi haukuambii kama ufunguo ulio nao mfukoni ni wake.

Rangi za onyo zina maana, zijue. Kijani ni simu iliyofungwa kwa ufunguo wa kiwanda, na hiyo haionyeshi onyo lolote. Njano ni iliyofungwa kwa ufunguo aliouweka mwenye simu. Chungwa ni iliyo wazi. Tecno, Infinix na itel zenye chipu ya MediaTek huandika "Orange State" na kusubiri sekunde 5 kabla ya kuendelea. Nyekundu ni ukaguzi ulioshindwa. Mtu anayefunga butiloda juu ya romu ya nje anatoka chungwa kwenda nyekundu, akidhani anakwenda kijani.

Vitu vinavyovunja saini ni vingi kuliko romu yenyewe. Magisk, programu ya kuipa simu ruti (mamlaka kamili juu ya mfumo), inabadilisha boot, kwa hiyo simu yenye ruti haifungiki salama hata kama romu yake ni ya kiwandani. TWRP, rikavari ya nje (rikavari ni sehemu ya kurekebishia simu isipowaka), ni hivyo hivyo. Na kama wakati wa kuweka romu uliandika vbmeta kwa `--disable-verity --disable-verification`, bendera hizo za kuzima ukaguzi zimebaki kwenye patisheni na butiloda iliyofungwa itazikataa.

Jiulize kwanza unafunga kwa nini

Kama sababu ni programu ya benki au ya M-Pesa, ujue kwamba kufunga peke yake hakutakusaidia. Programu hizo huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity, na huduma hiyo haiangalii kufuli tu. Inaangalia kama mfumo ulio ndani ni wa kiwandani uliothibitishwa. Hata Pixel iliyofungwa kihalali kwa ufunguo wa GrapheneOS, romu ya nje inayosifika kwa usalama, haipewi alama kamili. Anayetaka benki ikubali bila ujanja anatakiwa arudi kwenye romu ya kiwandani yote, kisha afunge. Hakuna njia ya katikati.

Njia nyingine ni kuiacha wazi. M-Pesa kwa *150*00# haijali Android yako ikoje, maana menyu ile inapita kwenye laini na wala haigusi programu za simu. Kama romu inakupa simu yenye kasi na haja yako ni kutuma na kupokea pesa tu, iache ilivyo. Huo ndio ushauri tunaoutoa mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Wizi ni sababu nzito zaidi. Simu iliyo wazi, aliyeiokota akiwa na kebo anaweza kuandika mfumo mwingine na kuiuza. Data yako bado imesimbwa, lakini simu yenyewe haina ulinzi. Na anayeiuza simu kwa mtu mwingine, uungwana ni kuirudisha kiwandani kabla ya kupokea pesa.

Maandalizi ambayo watu huyaruka

Tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ni kamari: umeme ukikatika katikati ya kuandika patisheni ya butiloda yenyewe, simu inaweza isiwashe hata taa. Simu iwe na chaji ya asilimia 60 au zaidi, kwa sababu simu nyingi zikiwa kwenye hali ya fastibuti (hali ya kupokea amri za kompyuta kabla Android haijawaka) hazichaji vizuri. Kebo iwe fupi na nzima, uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyo. Tundu la USB 2 lina usumbufu mdogo kuliko la USB 3.

Fimuwea ya kiwandani (faili za mfumo mzima wa simu) huwa gigabaiti 3 hadi 8. Usiipakue kwa bando linaloelekea kuisha, kwani faili iliyokatika mara nyingine hufunguka bila kulalamika. Pima alama yake ya uhakiki (hash) kwenye Windows:

`certutil -hashfile faili.zip SHA256`

Linganisha matokeo na alama iliyoandikwa pale ulipopakua. Wengine hutoa MD5 badala ya SHA256. Badilisha neno la mwisho tu.

Chukua fimuwea ya modeli halisi. Jina la sokoni halitoshi, kwa sababu Redmi mbili zenye jina linalofanana zinaweza kuwa na bodi tofauti. Weka simu kwenye fastibuti, kisha:

`fastboot getvar product`

Jibu lifanane na jina la ndani la fimuwea uliyoshika. Kwenye Tecno na Infinix angalia namba ya modeli nyuma ya betri au kwenye boksi, pamoja na namba ya muundo kwenye mipangilio, kwa sababu modeli moja huwa na fimuwea za matoleo tofauti ya bodi.

Kisha angalia kizuizi cha kurudi nyuma. Simu nyingi zina namba ya ndani inayopanda kila kiwanda kinapoziba tundu la usalama, na haishuki tena. Kwa Xiaomi:

`fastboot getvar anti`

Namba ya fimuwea isiwe chini ya hiyo. Ikiwa chini, simu inaweza kufa kabisa: kioo cheusi, na kompyuta inaona kifaa cha Qualcomm 9008 tu, yaani hali ya dharura ya chipu. Kwa Samsung, hesabu toka mwisho wa jina la fimuwea. Herufi au tarakimu ya tano ndiyo namba hiyo. Pixel 6 nayo ilifungiwa kurudi nyuma ya Android 13 tangu Agosti 2022.

Mwisho wa maandalizi, nakala. Kufunga butiloda kunafuta kila kitu cha mtumiaji, kama kulivyofanya kufungua. Picha, nakala ya WhatsApp, na programu za namba za siri za mara moja zihamishwe kwanza. Hizo za mwisho ndizo watu huzisahau, wakajikuta nje ya akaunti zao.

Kurudi kiwandani na kufunga

1. Ondoa akaunti ya Google, na ya Xiaomi au Samsung kama ipo, kwenye mipangilio. Ukifuta simu ikiwa bado imeunganishwa, inaweza kukudai akaunti ya zamani baada ya kazi yote.

2. Andika fimuwea nzima ya kiwandani, vbmeta ikiwamo. Usiokoteze patisheni mbili tatu ukasema "boot na system zinatosha". Kipande kimoja cha romu ya zamani kikibaki, ndicho kitakachokuadhibu.

3. Simu zenye sehemu mbili za mfumo, a na b, zinahitaji uangalifu zaidi. Unaweza kuandika ya kiwandani upande wa a, romu ya nje ikabaki b bila wewe kuiona. Simu itafungwa na itawaka. Siku upande wa a utakaposhindwa kuwaka, simu itageukia b, na utaona nyekundu bila kujua kosa lilitoka wapi. Jua uko upande gani kwa `fastboot getvar current-slot`, na patisheni zinazoruhusu uziandike pande zote:

`fastboot flash --slot=all boot boot.img`

4. Iwashe ikiwa bado wazi. Maliza usanidi bila kuweka akaunti. Jaribu laini, Wi-Fi, kamera na alama ya kidole. Piga *#06# uone IMEI zote mbili.

5. Kama kuna sasisho la kupitia mtandao, lichukue. Lile dogo la nyongeza, la mamia ya megabaiti, hupima patisheni zilizopo kabla ya kuzibadilisha; likikubali, una ushahidi mzuri kwamba ndani ni kiwanda kitupu. Likikataa bila sababu inayoeleweka, usifunge. Rudi hatua ya 2.

6. Fungua chaguo za wasanidi programu kwa kugonga nambari ya muundo mara 7. Hakikisha swichi ya kufungua OEM (ruhusa ya kufungua butiloda) imewashwa, na uiache hivyo. Rudi fastibuti na uliza:

`fastboot flashing get_unlock_ability`

Jibu linatakiwa kuwa 1. Hiyo 1 ndiyo kamba yako ya uokozi: ukifunga na simu ikagoma, utaweza kufungua tena. Likiwa 0 ukafunga kwa makosa, mlango umejifunga nawe uko nje. Hakuna hatua inayookoa simu nyingi kuliko hii, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

7. Sasa funga:

`fastboot flashing lock`

Simu itauliza, thibitisha kwa vitufe vya sauti kama kioo kinavyoelekeza. Simu za zamani hutumia `fastboot oem lock`. Data itafutwa, na kuwaka mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika 5 hadi 10. Usiivute betri wala kuizima kwa papara.

Xiaomi, Redmi na Poco

Hapa ndipo makaburi yalipo mengi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni MiFlash, programu ya kompyuta ya kuandikia fimuwea ya Xiaomi. Chini ya dirisha lake kuna chaguo tatu, na ile ya kufuta yote na kufunga mara nyingi huwa imechaguliwa tayari. Fundi anataka kuweka romu tu, anabonyeza, simu inajifunga bila yeye kuagiza. Kila unapofungua MiFlash, angalia chini kwanza. Ndani ya folda, faili ya flash_all haifungi, flash_all_lock inafunga.

Ya pili ni simu za soko la China. Zinaingia Kariakoo zikiwa zimewekewa romu ya kimataifa juu ya bodi ya China, zikafika Mwanza zikiwa na Kiswahili na duka la Google kama nyingine. Mfumo ulio ndani ni wa Xiaomi kweli, saini ni halali, lakini bodi inajua ilizaliwa wapi. Ukiifunga, inaishia kwenye rikavari na maandishi kwamba toleo hilo la MIUI (mfumo wa Xiaomi) haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho. Soma herufi nne za mwisho za jina la toleo: MIXM ni kimataifa, CNXM ni China. Kama boksi au stika ya simu ina maandishi ya Kichina na toleo linaishia MIXM, usifunge. Unaweza kuifunga ukiwa umerudisha CNXM tu, na hapo utapoteza huduma za Google zilizopangwa vizuri. Watu wengi wakisikia hivyo huamua kuiacha wazi, na wako sahihi.

Kufungua tena Xiaomi hakutoki kwa amri ya fastibuti peke yake. Kunahitaji akaunti ya Mi iliyounganishwa na simu na ruhusa ya seva yao, pamoja na kusubiri. Saa 168 zimekuwa za kawaida kwa miaka mingi, na tangu HyperOS, mfumo uliofuata MIUI, masharti yamekazwa. Kwa hiyo kosa la dakika moja lina gharama ya wiki.

Samsung

Samsung inasamehe kidogo zaidi. Tumia programu ya kompyuta iitwayo Odin na faili zote nne: BL, AP, CP, na CSC. Usichague HOME_CSC, maana hiyo inaacha data ya zamani ndani. Baada ya kuwaka, izime, shika vitufe viwili vya sauti huku ukichomeka kebo, na kwenye ukurasa wa onyo shikilia kitufe cha kuongeza sauti mpaka ikuulize kufunga. Hata ikigoma, hali ya kupakua bado inapokea fimuwea rasmi ikiwa imefungwa, kwa hiyo uokozi upo.

Kitu kimoja hakirudi: alama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung. Ikishageuka 0x1 imegeuka, hata ukifunga na kila kitu kikawa kiwandani. Folda Salama haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo. Anayekuahidi kuirudisha 0x0 bila kubadilisha bodi anakudanganya.

Tecno, Infinix na itel

Kwenye SP Flash Tool, programu ya kuandikia simu za MediaTek, chagua "Download Only". "Format All + Download" inafagia mpaka patisheni ya nvram, na IMEI inaondoka nayo. Kabla ya kugusa chochote, soma na uhifadhi nvram, nvdata, nvcfg, proinfo, protect1, protect2 na persist za simu hiyo hiyo. Kuandika IMEI isiyo ya simu ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na TCRA imekuwa ikizima simu zenye IMEI bandia tangu Juni 2016. Unaweza kuhakiki kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090.

Kuna mafundi wanaofunga MediaTek kwa kuandika patisheni ya seccfg, inayotunza hali ya kufuli, moja kwa moja kwa boksi (kifaa cha mafundi) au programu ya kompyuta, bila kupitia fastibuti. Inafanya kazi, ila haifuti data. Funguo za usimbaji wa data zimefungamanishwa na hali ya kufuli, kwa hiyo simu iliyobadilishiwa hali bila kufutwa haiwezi kusoma data yake. Inazungukazunguka kwenye nembo au kuomba ifutwe. Hapo saini haina kosa lolote. Futa userdata kwenye rikavari na itawaka. Usikimbilie kuandika fimuwea upya.

Kufunga juu ya romu ya nje kihalali

Inawezekana kwenye simu chache, hasa Pixel kuanzia Pixel 2. Butiloda yake inakubali ufunguo wa pili, na romu lazima iwe imesainiwa kwa ufunguo huo huo tangu mwanzo hadi mwisho. GrapheneOS ndiyo mfano safi. LineageOS ya kawaida, romu nyingine ya nje, haikukusudiwa kufungiwa. Mpangilio ni huu: andika ufunguo, andika romu, kisha funga.

`fastboot erase avb_custom_key`

`fastboot flash avb_custom_key avb_pkmd.bin`

Ikiwaka itaonyesha onyo la njano na alama ya ufunguo. Ilinganishe na ile waliyoitangaza waliotengeneza romu. Baada ya hapo usiweke ruti. Sasisho moja lisilosainiwa litakupeleka nyekundu. Usijaribu kunakili mpangilio huu kwenye Redmi au Infinix kwa kuona umefanikiwa kwenye Pixel.

Imeshagoma

Soma kioo kwanza. Nyekundu na fastibuti bado inafunguka: jaribu `fastboot flashing unlock`. Kama ile 1 ilikuwepo, itakubali, itafuta, na utaanza upya hatua ya 2.

Ikikataa, ingia rikavari ya kiwandani. Kama inawaka na ina chaguo la kupokea sasisho kutoka ADB (njia ya kompyuta kuzungumza na Android kwa kebo), ipe kifurushi kamili kilichosainiwa na kiwanda kwa `adb sideload faili.zip`. Rikavari iliyofungwa inakataa kila kitu kingine, na ndivyo inavyotakiwa.

Xiaomi iliyokwama na bodi ya China: akaunti iliyoifungua mwanzo ndiyo tumaini la bei nafuu. Bila hiyo inabaki hali ya 9008, ambayo kwa Xiaomi za sasa inadai akaunti yenye idhini ya kiwanda, na huduma hiyo inauzwa kwa pesa. MediaTek za zamani hufufuka kwa SP Flash Tool. Mpya zinadai uthibitisho kama huo huo. Mwambie mwenye simu gharama kabla hujaanza, na mwambie pia kwamba data haipo tena. Mafundi wanaoficha hilo la pili ndio wanaoharibia wengine jina.

Simu ikiwa salama, izime na kuiwasha mara mbili, weka laini, jaribu programu ya benki mbele ya mwenyewe. Kama anarudi visiwani, abaki nayo mjini mpaka jioni akiitumia. Swichi ya kufungua OEM ndiyo ya mwisho kuzimwa, baada ya yote hayo kupita.